Unene wa Madigadi

Madigadi ya kifaru cha Vita Kuu ya Pili yalikuwa bati tu. Mbele ya kifaru kama Tiger palikuwa na chuma cha unene wa sentimita kumi, lakini madigadi yake yalipindika kila dereva alipoparaza ukuta au kisiki, na picha za zamani zinaonyesha mengi yamejikunja, yamechanika au yameng'oka kabisa. Sasa kipunguze kifaru hicho mara 35, kiwe modeli ya mezani. Bati la milimita tatu na nusu linabaki na unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani karatasi ya daftari. Kiwanda cha plastiki hakiwezi kutoa kitu chembamba hivyo, kwa sababu plastiki ya moto ingeganda kabla haijafika mwisho wa kalibu. Kinatoa madigadi ya milimita moja. Yarudishe kwenye ukubwa wa kweli uone: pande la chuma la sentimita tatu na nusu. Dereva gani angelipinda hilo?

Fundi asiyejali huyabandika hivyo hivyo, akapaka rangi, na kwa mbali kifaru kinapendeza. Anayejali hukaa na tupa na msasa, akayapunguza kwa upande wa chini usioonekana, kidogo kidogo, mpaka ukingo unaoonekana uwe mwembamba unavyopaswa kuwa. Au huyatupa kabisa, akaweka mengine ya shaba ya njano iliyokatwa kwa kemikali, akayapinda kwa koleo palepale ambapo dereva angeparaza.

Kila mwezi wa Novemba maelfu ya watu hukusanyika mjini Telford, Uingereza, kutazama unene wa madigadi. Maonyesho yenyewe yanaitwa Scale ModelWorld, na huandaliwa na tawi la Uingereza la International Plastic Modellers' Society, chama kilichoanzishwa nchini humo mwaka 1963. Si ya kijeshi peke yake. Yapo magari ya mashindano, vyombo vya angani na mazimwi ya sinema. Lakini mwenye nyumba ni vita. Ukianza kuhesabu ndege za kivita, vifaru, manowari na askari, vile vingine vinabaki kama wageni waliokaribishwa kwa adabu.

Telford ni mji mpya, uliojengwa kuanzia miaka ya 1960, na mgeni hana cha kuushangaa: barabara za mzunguko, maduka makubwa, maegesho. Ila kilomita chache kusini liko bonde la Coalbrookdale, ambako Abraham Darby aliyeyusha chuma kwa makaa ya koki mwaka 1709, na daraja la chuma lililojengwa mwaka 1779 bado limesimama juu ya mto Severn. Napenda kufikiri kwamba wapenda chuma walikuja kukutana hapa kwa sababu hiyo, ingawa ukumbi mkubwa na yale maegesho pengine vina neno zaidi.

Nilikwenda na mtoto wa dada yangu, kijana wa sekondari anayekaa Birmingham, kwa treni isiyochukua hata saa nzima. Alipoingia ukumbini alisimama akatazama zile meza zilizopangwa safu kwa safu, kila klabu na meza yake, nyingine zimetoka ng'ambo ya bahari, wazee wenye mvi wamekaa nyuma yake na chupa zao za chai.

“Mjomba,” akaniuliza kwa sauti ya chini, “hii yote ni midoli?”

Nikamwambia swali hilo asilirudie kwa Kiingereza.

Lakini si swali baya. Mtoto wa Tandale anayetengeneza lori la waya naye huanza kwa kulitazama lori la kweli: kichwa kinainamaje, tairi za nyuma ni ngapi, bomba la moshi limetokea upande gani. Tofauti ni kwamba lori la waya limetengenezwa lisukumwe. Vitu vya Telford haviguswi hata na waliovitengeneza, isipokuwa kwa kushika kibao kilicho chini yake. Vimetengenezwa vitazamwe tu, na kutazamwa kwenyewe si kwa kupita: watu wanainama, wanachuchumaa, wanavua miwani moja na kuvaa nyingine.

Kila modeli ina uwiano wake, na kila uwiano una asili ya ajabu. Ule wa 1:72, unaotawala ndege, ulitokana na inchi na futi: futi sita ni inchi 72, kwa hiyo mtu wa futi sita anakuwa inchi moja kamili. Airfix, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1939 na Mhungari Nicholas Kove, iliutumia kwa ndege yake ya Spitfire ya miaka ya 1950, iliyouzwa katika maduka ya Woolworths kwa shilingi mbili. Wengi wa wazee waliokaa nyuma ya meza za Telford walianzia kwenye vifurushi vya namna hiyo. Ule wa 1:35, unaotawala vifaru, asili yake inachekesha zaidi. Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilianza mwaka 1946 kama kiwanda cha kupasua mbao. Mwaka 1961 ilipotoa kifaru cha plastiki, Panther ya Kijerumani, ndani yake mlikuwa na mota ndogo ya umeme, na ukubwa wa bodi ulipangwa ili betri zienee. Kilipouzika vizuri, Shunsaku Tamiya alipiga hesabu akakuta ni kama sehemu moja ya 35 ya Panther halisi, na vifaru vilivyofuata vikafuata kipimo hicho. Leo viwanda vya Japani, China, Ukraine na Poland vinachonga kalibu kwa uwiano uliochaguliwa na betri.

Meli hupunguzwa zaidi, mara 350 au 700. Msomaji wa Kigoma hahitaji kufundishwa habari ya chombo kinachofika ndani ya maboksi kikiwa vipande vipande. Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa katika maboksi 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Ziwa Tanganyika, ikaungwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 tunaijua kama Liemba. Kwa uwiano wa 1:350 meli nzima ina urefu wa sentimita 20. Kamba yake ya unene wa sentimita mbili inakuwa nyembamba kuliko unywele.

Kamba hiyo wengi hawainunui, maana nyingi zinazouzwa huwa nene mno kwa macho ya wakali. Mafundi huokota kipande cha ile fremu ya plastiki iliyobaki baada ya kukata vipuri, wakakipasha juu ya mshumaa bila kukigusisha moto, na kikilegea tu wanavuta mikono yote miwili kwa pamoja. Katikati unatoka uzi. Ukivuta polepole unatoka mnene. Ukivuta kwa pupa unakatika. Fundi aliyezoea huvuta nyuzi nyingi, akazipanga kwa unene, akachagua mbili tatu na kutupa zilizobaki. Nilimtazama mmoja akifanya hivyo mezani kwake huku akizungumza habari za mpira. Mikono yake haikuhitaji kuambiwa kitu.

Kazi ya kifaru huanza na boksi lenye fremu za plastiki ya kijivu, vipande mia kadhaa, wakati mwingine zaidi ya elfu, maana siku hizi hata mnyororo huja pingili moja moja. Gundi yake si ya kunata. Ni kiyeyushi chepesi kama maji, kinachowekwa kwa ncha ya brashi kwenye mshono, kikapenya chenyewe na kulainisha plastiki pande zote mbili, zikashikana zikawa kitu kimoja. Ndiyo maana haisamehe. Tone likizidi, alama ya kidole inabaki kwenye bodi. Mzinga mara nyingi huja nusu mbili. Ukishaunganisha unabaki mstari mwembamba wa mshono juu na chini, na ukiusugua mstari huo kwa msasa bila uangalifu, mzinga unapoteza mviringo wake. Wengine huona heri wanunue mzinga wa alumini uliokerezwa kwa mashine. Kuna alama za duara zilizoachwa na pini zinazosukuma plastiki itoke kwenye kalibu. Zote zijazwe puti na kusawazishwa. Kuna magurudumu, ambayo lazima yote yakanyage chini. Linaonekana dogo hili, lakini simamisha kifaru cha plastiki juu ya kioo, kitazame kwa usawa wa jicho, na utashangaa ni mara ngapi gurudumu moja linaelea hewani. Kifaru halisi kina uzito wa tani makumi. Hakiwezi kuelea.

Mzee mmoja alikuwa na kifaru cha Sherman alichokijaza ndani kila kitu: viti, redio, risasi kwenye rafu zake, injini yenye nyaya zake. Vifuniko vyote amevifunga. Alieleza kwa picha zilizowekwa kando, na nilipouliza kwa nini asiache hata kifuniko kimoja wazi, alinijibu kwamba askari wa kweli wangefunga, mvua inanyesha katika diorama yake, yaani ile mandhari ndogo aliyoijenga kuzunguka modeli. Nikatazama upya. Kweli, barabara ilikuwa na maji.

Kifaru kikishaungwa ndipo rangi inapoingia, na kwangu mimi ndiyo sehemu iliyo na siri nyingi kuliko zote. Kifaru cha 1:35 ukikitazama kwa umbali wa sentimita 30 ni sawa na kusimama mita kumi na nusu kutoka kwenye kifaru halisi. Ndege ya 1:72, kwa umbali uleule, ni kama iko mita zaidi ya ishirini. Na kitu kilicho mbali hupoa rangi: hewa na vumbi vinakaa kati yake na jicho. Kwa hiyo mtu akibahatika kupata rangi ileile ya kiwandani ya mwaka 1943, akaipaka kama ilivyo, modeli yake itaonekana nzito na ya kiza. Inabidi aipunguze ukali, na apunguze kiasi gani, hapo ndipo mafundi wanagombana miaka nenda miaka rudi.

Jambo la pili ni jua. Unaweza kupunguza chuma mara 35, lakini jua la ukumbini linabaki na ukubwa wake. Kwenye kifaru halisi, chini ya kila kifuniko na kila boliti kuna kivuli kizito. Kwenye modeli, mwanga unaingia kila mahali na vivuli vinapotea. Basi fundi hukipaka kivuli. Huchukua rangi ya mafuta, akaipunguza kwa tina mpaka ibaki nyepesi kabisa, akaigusisha kwenye kona na kuiacha itiririke yenyewe kuzunguka boliti. Kisha hutia mwanga juu ya kingo zinazotazama mbinguni. Anachokipaka si rangi ya kifaru tu. Anapaka pia hali ya hewa.

Halafu uchakavu. Njia moja ilimfanya mpwa wangu acheke mpaka watu wakageuka. Fundi hupaka kwanza rangi ya praima au ya kutu, juu yake akapulizia dawa ya nywele, naam, ileile ya saluni, na ikikauka anapiga rangi ya kifaru inayochanganywa kwa maji. Baadaye analowesha mahali padogo na kusugua kwa brashi iliyokatwa fupi. Dawa ya nywele inayeyuka chini, rangi ya juu inabanduka vipande vidogo visivyofuata mpango, kama rangi ya kweli inavyobanduka. Ustadi uko katika kujua wapi pa kusugua. Rangi haibanduki kila mahali: inabanduka pale buti linapokanyaga kila siku, kwenye ukingo wa kifuniko kinachofunguliwa, karibu na vishikio. Mtu ambaye hajawahi kufikiria jinsi dereva anavyopanda kifaruni atasugua mahali pasipo na miguu ya mtu.

Tope nalo lina elimu yake. Tope la juzi limekauka na kupauka juu ya bodi. La leo ni la kiza na linang'aa kwenye mnyororo. Kwenye magurudumu linakaa kwenye mashimo, na pale mpira unaposuguana na chuma panabaki pasafi. Nimeona modeli yenye aina nne za tope, na ungeweza kusema kifaru kile kimetoka wapi asubuhi na kimepita wapi mchana.

Mambo haya yana mitindo yake. Katika miaka ya 1980 watu walimfuata François Verlinden, Mbelgiji: kivuli kizito kwenye kila kona, kisha brashi kavu yenye rangi ya kung'aa ipitishwe kwenye kila ukingo. Baada ya mwaka 2000 wakaja Wahispania, Mig Jiménez akiwa mbele, na michirizi ya kutu, unga wa vumbi, rangi iliyopauka kwa jua upande wa juu. Ulikuwa ufunguzi mkubwa. Lakini waigaji wamepitiliza, na nitasema wazi: vifaru vingi nilivyoviona vina kutu ya miaka thelathini. Vifaru vya vita vile havikuishi hivyo. Vingi viliteketea katika miezi michache tangu kutoka kiwandani, rangi yao ikiwa bado mpya chini ya vumbi. Kazi nilizozirudia mara kwa mara ni zile ambazo fundi alijizuia: vumbi jepesi, mafuta yaliyomwagika karibu na kifuniko cha tangi, mkwaruzo mmoja wenye sababu.

Eneo la mashindano limetengwa na meza za klabu. Waamuzi hupita na tochi ndogo. Hawagusi kitu, wanainama tu. Wageni hudhani wanatafuta uzuri. Kwanza wanatafuta makosa: mshono wa mzinga uliobaki, bawa moja lililoinuka kuliko jingine, ukungu wa gundi kwenye kioo cha rubani, vile vibandiko vya namba vinavyoloweshwa kwenye maji vilivyoshika hewa chini yake vikang'aa pembeni. Kazi yenye rangi ya ajabu na gurudumu linaloelea hushindwa na kazi ya kawaida iliyonyooka. Niliwasikia watu wakilalamika kwamba huko ni kuua sanaa kwa rula. Mimi nipo upande wa waamuzi. Mtu hawezi kuniaminisha tope lake ikiwa hakuniaminisha uzito wa kifaru chake.

Baada ya hapo huja maarifa. Mfano wake mzuri ni zimmerit, ile plasta ya kukwaruza ambayo Wajerumani waliipaka kwenye vifaru vyao ili bomu la sumaku lisishike. Viwandani ilianza kupakwa mwaka 1943 na kusimamishwa Septemba 1944. Kuitengeneza kwa puti na kijiti kilichochongwa meno ni kazi ya usiku nyingi, mstari baada ya mstari, kila mmoja sambamba na mwenzake. Sasa hebu mtu ajichoshe hivyo juu ya Panther ya aina iliyotoka kiwandani mwaka 1945! Mwenye tochi atajua, na walio nyuma yake foleni watajua kabla yake. Ndiyo maana wengi husafiri hadi Bovington, kwenye jumba la makumbusho la vifaru, kuipima Tiger 131 iliyotekwa Tunisia Aprili 1943, ambayo bado inatembea kwa injini.

Si kila mahali wanashindanisha kwa nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Chicago, mji wa Sheperd Paine (1946–2015), wana desturi ya kupima kila kazi kwa kiwango badala ya kwa jirani yake: wakistahili watu ishirini dhahabu, wote ishirini wanapewa. Paine ndiye aliyewafundisha watu wa rika zima kwamba modeli inaweza kusimulia. Katika miaka ya 1970 alitengeneza diorama kwa ajili ya kampuni ya Monogram, na vikaratasi vya maelezo yake vilitiwa ndani ya maboksi ya seti. Vijana walionunua ndege wakakuta na shule ndani yake. Shauri lake kubwa lilikuwa kwamba mtazamaji aelewe kisa bila kusomewa.

Diorama bora niliyoiona haikuwa na risasi hata moja. Mnyororo umekatika kando ya barabara. Askari watatu wanahangaika na nyundo na nondo, wa nne amekaa juu ya ndoo anakunywa chai na kuwatolea ushauri. Kila mtu aliyepita alicheka, kwa sababu kila mtu anamjua yule wa nne.

Nilikaa hapo kwa ajili ya nyuso. Mtu wa 1:35 ana urefu wa sentimita tano, na jicho lake halifiki milimita moja. Anayepaka weupe wa jicho na kutia nukta nyeusi katikati huishia na askari aliyeona jini. Wanaojua huacha jicho karibu lote kwenye kivuli cha nyusi, wakagusisha rangi isiyo nyeupe kabisa, basi. Jicho la mtazamaji linamalizia lenyewe. Ngozi nyeusi, ambayo nilitazama ukumbi mzima na kuiona kwa nadra, ina masharti yake. Ikipakwa kahawia moja tupu inakufa. Inataka ianze na kahawia ya kiza yenye wekundu ndani, ipandishwe kwa udongo wa njano, kivuli kitiwe buluu au zambarau, na mng'ao wa jasho uachwe kwenye paji la uso na mifupa ya mashavu.

Kwa nini vifaru vya Wajerumani ndivyo vingi? Tiger za aina ya kwanza zilitengenezwa takriban 1,350, ilhali Sherman zilikaribia 50,000. Kwa meza za Telford ungeamini kinyume chake. Mafundi watakuambia ni rangi: Wajerumani walipulizia mabaka ya kijani na kahawia wenyewe, kila kikosi kwa mkono wake, kwa hiyo kila modeli inaweza kuwa ya peke yake. Jibu hilo ni la kweli, na halinitoshi. Sheria za Ujerumani zinazuia alama ya Kinazi kuonyeshwa hadharani, hivyo viwanda vingi huichapa imekatwa vipande viwili, mnunuzi aiunge mwenyewe akitaka. Nadhani namna hiyo ya kukwepa inaeleza mengi kuhusu starehe hii na jambo isilopenda kulizungumzia. Wakati huohuo, kampuni za MiniArt na ICM, zote za Kyiv, zimeendelea kutoa modeli tangu uvamizi wa mwaka 2022, za vita vya bibi na babu zao na za vita vyao wenyewe. Kwao hakuna haja ya kuuliza vifaru vina maana gani.

Na wapo waliokosekana. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw, Burma, katikati ya mvua za monsuni na malaria, ikiwasukuma Wajapani hadi Kalewa kwenye mto Chindwin, ilikofika Desemba. Askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walivuta mizinga na malori katika tope lililofika magotini, wengi wao wakiamrishwa kwa Kiswahili. Alama yao begani ilikuwa kichwa cha kifaru, yule mnyama mwenyewe. Kwa fundi wa diorama hakuna kisa kilichojaa zaidi: kofia pana zilizolegea kwa mvua, magari yaliyozama, mianzi, na tope la aina nne au zaidi. Meza za Telford zina nafasi ya kutosha ya kisa hicho.

Kwa hiyo neno langu ni kwa vijana wetu wenye mikono, mlio Birmingham, Muscat, Toronto na nyumbani. Picha za askari hao zimehifadhiwa Imperial War Museums, na nyingi zinaonekana na yeyote mwenye intaneti. Kofia, mikanda, bunduki na magari yao ni vifaa vya jeshi la Uingereza, navyo vinauzwa kwa uwiano wa 1:35 katika maduka ya kawaida ya modeli. Vichwa na mikono ndiyo itakayowapa kazi. Waulizeni wazee waliobaki na barua na medali za baba zao. Mkishamaliza, wapelekeni Telford.